Kutoa taka hatarishi kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvu: shajara ya kazi, Juni hadi Agosti 2024

Masika ya 2024 yalikuja na nguvu ya El Niño, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya nacho kikaongeza lake. Mto Ruvu unaanzia Uluguru, unapita kwenye mashamba ya mpunga na bustani za mboga za Morogoro na Pwani, kisha unamwaga baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, ukishapita mashamba ya chumvi ya Nunge. Kilichoelea njiani kilifika mdomoni na kunasa kwenye mikoko. Shajara hii inahusu kutoa vile vyenye sumu, vinavyoweza kulipuka au vyenye makali, kwenye vijito 3 ambavyo gari halivifikii. Chupa za maji, ndala na mifuko hazimo humu.

Anayetaka kuiga kazi hii aanze na maingizo ya Juni 15 na Julai 5. Huko ndiko makosa yalikotugharimu zaidi.

Juni 4. Vibali na kuhesabu

Mikoko ni hifadhi ya msitu, hivyo ruhusa ya kufanya kazi humo inatoka TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na hata fito moja ya mkoko huruhusiwi kukata ili utengeneze njia. Kusafirisha taka hatarishi barabarani kunataka kibali cha mamlaka za mazingira. Hatukujiombea hicho cha pili. Tulikodi msafirishaji ambaye tayari anacho, na kazi yetu ikaishia kwenye banda la kuhifadhia. Kwa kikundi kidogo hii ndiyo njia nyepesi.

Kuhesabu kulichukua siku 4. Watu hutembea sambamba maji yakiwa yamepwa, mita 15 kati ya mtu na mtu, kila mmoja na fimbo ya kupapasia tope kabla hajakanyaga. Kila kitu kinapigwa picha kando ya kijiti cha sentimita 50 kilichopakwa rangi, kinaandikwa mahali kilipo, kinafungiwa utepe. Nyekundu ni cha kutoguswa: kimevimba, kinavuja au kinanuka. Njano kibebwe na mwenye glovu za kemikali. Nyeupe kina makali tu.

Makosa mawili hapa. Tepe za kwanza zilifungwa usawa wa goti, na baada ya maji kujaa na kupwa mara mbili zote zilikuwa za rangi moja, ya tope. Mafuriko yameacha mstari wa udongo kwenye majani. Utepe ufungwe kiganja kimoja juu ya mstari huo. Kosa la pili ni kuiamini ramani ya simu. Chini ya miti ilikosea hadi mita 10, na mita 10 ndani ya mizizi ya mkoko ni nusu saa ya kutafuta. Sasa kila kitu kina maelezo ya maneno pia: "kijito 2, mkono wa kulia, hatua 40 kupita mkomafi ulioanguka."

Hesabu: madumu ya viuatilifu 61, mapipa ya lita 200 matano, mitungi ya gesi 9, betri za gari na za sola 14, vipande 11 vya paa la asbesto, mfuko mmoja wa sindano na chupa za dawa, seng'enge sehemu 6, mabati mengi yasiyohesabika, majokofu 2.

Mapipa na mitungi huwashangaza watu: vitu vizito vile vimefikaje? Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo pipa lililojaa bado linaelea, japo kwa shida. Mtungi wa gesi uliojaa nao unaelea. Ndiyo maana ukikikuta kitu kizito mbali na mto usidhani ni kitupu.

Juni 15. Siku 5 zilizopotea

Tulianza Juni 11, mwezi ukielekea nusu, kwa hoja iliyoonekana ya busara: maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo mwezi ukiwa nusu, hayana mkondo mkali, chombo kitatulia. Hoja hiyo ni ya baharini. Kwenye mikoko, maji mafu hata yakijaa hayapandi kiasi cha kuingia vijito vidogo. Boti lilikwama mdomoni mwa kijito cha 2, na kila kitu kikabidi kibebwe mita 400 kwenye tope. Siku 5, watu 9, na tulichotoa ni madumu 7 na betri 2. Boti, mitumbwi na posho: shilingi 1,500,000, mafuta hayajahesabiwa.

Kinachofaa ni bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, na pwani hii inapendelewa. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa kabisa karibu saa 10 jioni. Ratiba ikawa hii: kuingia kwa miguu saa 1:30 asubuhi, kukusanya na kupanga ukingoni mwa kijito hadi saa 6, kupumzika, boti kuingia na maji saa 9, kupakia, kutoka. Saa 11 jioni hakuna aliyebaki ndani. Maji ya bamvua yakianza kupwa kijito kinakauka haraka, na jioni viboko wanatoka kwenda malishoni. Kijito ni barabara yao na hawana habari na ratiba ya mtu.

Maji mafu nayo yana kazi yake. Sehemu ya juu, upande wa bara kwenye mchu, aina mojawapo ya mikoko, maji hayafiki siku hizo, na ardhi ni ngumu ya kutembea. Ndizo siku za kukagua, kufunga tepe na kurekebisha banda.

Siku hizo 5 ziliacha madhara pia. Madumu yalikokotwa kwa kamba juu ya mizizi ya kupumulia ya mchu, ile inayosimama kwenye tope kama penseli. Njia iliyopitwa mara 7 haikubaki na mzizi uliosimama. Mti unavuta hewa kupitia hiyo. Ukiivunja eneo kubwa unauziba mti pua huku ukijisifu kwamba unausafisha. Tulijaribu pipa la plastiki lililopasuliwa katikati kwa urefu, livutwe kama mtumbwi. Kwenye tope tupu linakwenda vizuri sana, kwenye mizizi bado linavunja.

Kilichofaa ni chanja za mianzi, sentimita 60 kwa mita 2. Tulitengeneza 12, zikafungwa kwa kamba za katani, si kwa misumari. Zinatandikwa mfululizo, watu wanapita juu yake, za nyuma zinahamishiwa mbele. Mizizi inainama na kuinuka tena, mradi chanja zisilale hapo usiku. Kwenye mkoko wenyewe, ambako mizizi imejipinda kama miguu ya buibui, chanja hazilali. Huko mzigo unapita mkono kwa mkono, watu wakisimama mita 2 hadi 3 mmoja na mwenzake, hakuna anayetembea na mzigo.

Gambuti: tope linazivua. Ukanda wa tyubu ya baiskeli ufungwe chini ya goti na mwingine juu ya wayo, tatizo linaisha. Ndani wekeni soli ya ziada iliyokatwa kwenye tairi chakavu la pikipiki, kwa ajili ya misumari ya mbao za mabanda yaliyobomoka. Kila aliyeingia alichanjwa pepopunda kwanza, na mwenye kidonda kibichi alibaki botini. Maji ya mafuriko yana mkojo wa panya, nao ndio unaoleta homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022.

Juni 24. Madumu ya viuatilifu

Siku 4 za mwezi mpevu, madumu 54 yaliyobaki yote yametoka. Tofauti na Juni 15 ni maji tu.

Kwanza kutambua. Lebo nyingi zimetoka, lakini mara nyingi chini yake hubaki mstari wa rangi: nyekundu ni sumu kali kupita zote, kisha njano, kisha bluu, mwisho kijani. Dumu lisilo na alama yoyote linahesabiwa kuwa jekundu. Hakuna kufungua ili kunusa. Madumu 23 yalikuwa na kizibo na kitu ndani. Mengine yalijaa tope, na dumu la lita 20 lililojaa tope linapita kilo 30. Kishawishi ni kulimwaga tope ili mzigo upungue. Tope lile limekaa na masalia ya dawa wiki kadhaa. Linabebwa na dumu lake.

Glovu ndizo zilizotuaibisha. Tulinunua jozi 9 za ngozi na kitambaa, kwa kuwa ni imara na zinapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Ngozi na kitambaa hunyonya. Glovu iliyoloa dawa inaifunga dawa hiyo kwenye mkono siku nzima, ni afadhali mkono mtupu ambao angalau mtu ataunawa. Jozi zote 9 ziliingia kwenye taka hatarishi. Badala yake tulitumia glovu ndefu za nitrile, aina ya mpira, zinazofika karibu na kiwiko, zikioshwa kwa sabuni kabla ya kuvuliwa. Glovu za ngozi ni za seng'enge tu.

Lipo jambo watu huulizana sana: kwa nini yasioshwe mara tatu kama inavyoelekezwa shambani? Kuosha mara tatu ni kwa mkulima anayerudisha maji ya kuoshea kwenye bomba la kupulizia na kuyatumia. Hapa kila ndoo ya kuoshea ingekuwa ndoo mpya ya sumu isiyo na pa kwenda. Hayaoshwi.

Yanatobolewa, lakini mahali pake. Dumu zuri la lita 20 lina soko: maji, mafuta ya taa, hata mafuta ya kula. Tulipoyapanga ukingoni tu walikuja watu kuuliza bei. Dumu la kwanza lililotobolewa palepale lilimwaga nusu lita kwenye tope, kwa kuwa lililoonekana tupu halikuwa tupu. Kutoboa kunafanyika bandani, juu ya beseni, kwa msumari mnene, matundu 3: chini, ubavuni na kwenye mpini. Yenye kitu ndani hayatobolewi kamwe. Yanaingia wima kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, mchanga mkavu ukijaza nafasi.

Karatasi ya dalili ibandikwe botini. Viuatilifu vingi vya mboga vinaanza hivi: jasho jingi, mate, machozi, mboni ya jicho kusinyaa kama tundu la sindano, misuli kuchezacheza. Mtu avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali pamoja na picha ya lebo. Maziwa hayasaidii.

Julai 5. Pipa lililopasuka

Mapipa 5: moja tupu lenye matundu, matatu yana kitu, moja limevimba. Tulianza na lililoonekana zima, oili chafu iliyochanganyika na dizeli. Watu 3 walilizungusha robo mzunguko ili lifike kwenye chanja. Mshono wa chini, uliokuwa umefukiwa, ulikuwa umeliwa na kutu. Ulifunguka kama mfuko wa karatasi. Makadirio ni lita 12 kwenye tope kabla ya kuligeuza tundu likatazama juu.

Ya kwanza kujifunza: chimbeni kwa mkono kuuzunguka mshono wote na muupapase kabla ya kugeuza. Kutu inakula pale chuma, hewa na maji ya chumvi vinapokutana, na sehemu hiyo iko chini ya macho.

Ya pili ni kuhusu kunyonya mafuta. Tulikuwa na magunia 3 ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, shilingi 45,000, kwa hoja kwamba nazi Bagamoyo si za kutafuta. Usumba ulikuwa umekaa kwenye boti lenye maji. Ukiloa maji kwanza haunyonyi mafuta tena, unageuka sponji ya maji na kuzama. Utando wa mafuta ukapita chini yake ukielekea kwenye mizizi.

Sabuni haikutumika, na isitumike. Inayavunja mafuta yawe matone madogo, uso wa maji unaonekana safi, lakini matone hayo ndiyo yanayoingia kwenye vitundu vya mizizi ya kupumulia na kuviziba. Tope halikuchimbwa pia. Tulijenga kingo ya udongo kwa majembe upande wa kijito, tukangoja maji yaanze kujaa, yakayainua mafuta yenyewe, tukayachota kwa vikombe vya bati hadi yakabaki utando. Karibu lita 7 zilipatikana.

Julai 8. Sufi

Sufi, ile ya mito na magodoro, ina nta kwenye nyuzi zake. Maji yanaikimbia, mafuta yanaingia. Haizami. Tulinunua kilo 14 kwa fundi magodoro, shilingi 9,000 kwa kilo, na kushona soksi ndefu za chandarua chakavu: upana wa kiganja na nusu, urefu wa mita 3, kamba ikipita katikati ili soksi isikatike ikivutwa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kwenye beseni, maji ya kijito na kikombe cha oili chafu. Ngumi moja ya sufi ilipopita juu, maji yalibaki yanaonyesha chini ya beseni, na sufi ilipokamuliwa ikatoa oili karibu tupu. Usumba uliolowa kwenye beseni la pili ulizunguka na oili ikazunguka nao.

Kasoro zake. Upepo wa kusi unaipeperusha na inaganda kila mahali, puani kwanza. Soksi zijazwe ndani ya chumba, barakoa ikiwa usoni. Inashika moto kwa cheche moja, hivyo mvutaji sigara akae upande mwingine wa kijito. Ikishanyonya, yenyewe ni taka hatarishi.

Mapipa mawili yaliyobaki hatukuyasogeza kabisa. Yalinyonywa yakiwa palepale. Soksi 4 za sufi zinazungushwa pipa kwanza. Kizibo kinafunikwa kitambaa chenye maji, kinafunguliwa robo mzunguko kwa spana ya shaba, mtu akisimama ubavuni, anangoja mlio wa hewa uishe ndipo anaendelea. Harufu ya petroli ikitoka, kizibo kinarudi na utepe unakuwa mwekundu: pampu ya mkono ni ya dizeli na oili tu. Bomba la kunyonyea liwe angavu. Maji yaliyoingia yamekaa chini ya mafuta, kwa hiyo ncha ya bomba ianze juu na kushuka polepole. Rangi ikibadilika ndani ya bomba, badilisha dumu. Dumu la lita 20 lijazwe 18, mafuta yanatanuka juani.

Pipa la kwanza lilitoa lita 96 za mafuta na 31 za maji, la pili lita 140 bila maji. Kisha mapipa matupu, kilo 20 hivi kila moja, yalibebwa na watu wawili kama si kitu. Siku nzima iliyopotea kwa lita 12 ingeokolewa kwa pampu ya shilingi 120,000 iliyokuwa bandani.

Julai 23. Mitungi, betri, asbesto, sindano

Mitungi. Kila mmoja unapimwa kwa mizani ya ndoano, ukilinganisha na uzito mtupu uliogongwa kwenye shingo yake. Kati ya 9, miwili ilikuwa na gesi. Kukagua kuvuja kulitupotosha mwanzoni: povu la sabuni lilitengenezwa kwa maji ya kijito, na sabuni haitoi povu zuri kwenye maji ya chumvi. Mtungi ulioonekana salama ulikuwa unavuja. Beba lita 5 za maji baridi ya bombani yenye sabuni ya unga, na usafishe tope kwenye koki kwanza, maana tope nalo linaziba na kudanganya. Uliovuja uliachwa wima mahali palipo wazi, kila mtu akikaa upande unakotoka upepo, hadi siku ya pili ulipokuwa umekwisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inakaa chini. Kwa hiyo mitungi haikuingia tumboni mwa boti. Ilisafiri wima juu ya mbao zilizolazwa kwenye mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, ikisukumwa kwa pondo, hakuna mashine.

Betri. Nyingi asidi imeshabadilishana na maji ya chumvi, lakini madini ya risasi yamo na tope lake ni sumu. Nne zilipasuka. Zilimwagiwa magadi hadi zikaacha kutoa mapovu, zikawekwa kwenye ndoo za plastiki. Ndoo ya kwanza tuliibana kifuniko mara moja, na usiku kifuniko kilipatikana upande wa pili wa banda: mapovu yalikuwa bado yanaendelea ndani. Kifuniko kikae bila kubanwa siku 2. Betri ndogo za sola na simu za aina ya lithiamu hazichanganyiki na hizi. Zilizolowa maji ya bahari zinaweza kuwaka siku kadhaa baadaye. Ndoo ya chuma, mchanga mkavu, nje ya banda.

Asbesto. Vipande havivunjwi, havikatwi, havikokotwi. Vikiwa na tope mbichi havina vumbi, na hapo ndipo pa kuvifunga kwa nailoni nene mara mbili. Vipande 3 tuliviacha botini juani hadi jioni vikakauka, ikabidi vinyunyiziwe maji upya na boti lote lioshwe. Barakoa ya kitambaa hapa ni pambo. Inatakiwa yenye kichujio cha vumbi laini.

Sindano ziliokotwa kwa koleo ndefu za kushikia, zikaingia kwenye dumu gumu lenye mdomo mpana, si mfuko, na kupelekwa zinakoteketezwa kwa moto sindano zilizotumika za kituo cha afya.

Agosti 6. Seng'enge, vilivyoachwa, gharama

Waya wa seng'enge ulionasa kwenye mizizi una mvuto kama upinde. Mkataji asimame upande ule waya usikoelekea kurukia, mwenzake akanyage kipande kwa gambuti, vipande visizidi sentimita 60.

Kuna vilivyoachwa kwa makusudi. Bati au tairi lililofukiwa zaidi ya nusu, lisilo na sumu, linabaki. Tulilichomoa bati moja Julai 22 na kuacha shimo la kina cha magoti. Wiki mbili baadaye maji yalikuwa yamelipanua mara mbili na kung'oa miche ya mkandaa pembeni. Magogo hayakuguswa. Gogo si taka, hata likiwa limetoka Morogoro. Majokofu yalitoka mazima, milango imefungwa kamba, mabomba ya nyuma hayakukatwa.

Banda: sakafu ya saruji yenye kingo pande zote, kimo cha kuzuia asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote kikipasuka. Paa, kufuli, na mstari wa rangi sakafuni kutenga betri na viuatilifu. Mzigo wote ulichukuliwa kwa safari moja.

Gharama kwa shilingi:
Boti la faiba la chini bapa, siku 16: 1,440,000
Mitumbwi 2, siku 16: 480,000
Petroli lita 210: 672,000
Posho, watu 9, siku 22: 3,960,000
Glovu za nitrile jozi 40: 280,000
Gambuti jozi 9: 198,000
Barakoa zenye kichujio 4: 260,000
Pampu na bomba angavu: 150,000
Sufi na chandarua: 166,000
Mianzi na mbao: 310,000
Nailoni, madumu, magadi, sabuni: 235,000
Sakafu na kingo: 480,000
Msafirishaji: 1,900,000
Usumba na glovu za ngozi, hasara tupu: 99,000
Jumla: 10,630,000

Anayerudia akianza na bamvua atapunguza milioni moja na nusu kabla hajafanya ujanja mwingine wowote.

Limebaki pipa lililovimba, juu ya kijito cha 3, limeegemea mchu. Linanuka kama thina. Kifuniko cha pipa zima hukaa chini kidogo ya ukingo wake, kwa hiyo tulilaza rula kutoka ukingo hadi ukingo na kupima nafasi iliyopo katikati. Saa 1 asubuhi ilikuwa milimita 14. Saa 8 mchana kifuniko kilikuwa kimegusa rula. Baada ya kulijengea kivuli cha magunia yenye maji, lisiloguswa nacho, saa ileile ya mchana nafasi ilibaki milimita 6. Joto ndilo linalolisukuma, na alfajiri ndiyo saa yake ya upole. Lakini bamvua ya alfajiri inaingiza boti kijitoni saa ileile viboko wanaporudi majini, kwa hiyo pipa hili halitafuatwa kwa maji. Mtaalamu mwenye vifaa vya kulitoa hewa ameombwa. Tarehe iliyowekwa ni Agosti 13, maji mafu, kwa miguu kutoka upande wa bara, kufika kabla ya saa 1 asubuhi. Njia ni kilomita 1.1 ya ardhi ngumu, isipokuwa mita 120 za mwisho ambazo ni tope. Chanja 12 zikihamishwa mara 5 zinafika.